Chaguo la Nani? Uhakiki wa Istilahi za Programu za Kuingizia Maandishi

Istilahi hupimwa kwa vipimo viwili. Cha kwanza ni kama inalitaja jambo lililomo katika kitu chenyewe. Cha pili ni kama haikiongezei kitu hicho jambo lisilokuwamo. Istilahi nyingi za kompyuta zinazotumika katika Kiswahili hivi leo zimefaulu katika kipimo cha kwanza, maana watumiaji wanajua zinaelekeza wapi. Bali katika kipimo cha pili baadhi yake zimeshindwa, na kushindwa huko hakuonekani upesi kwa sababu neno lililozoeleka halihojiwi. Katika makala haya twakusudia kuihoji istilahi moja ya namna hiyo, nayo ni 'chaguo-msingi', pamoja na neno 'kibodi' ambalo limebebeshwa mzigo usio wake.

Hatupendi kuyahakiki maneno yakiwa yananing'inia hewani. Neno huonyesha nguvu zake na udhaifu wake linapotiwa kazini. Kwa hiyo tumechagua tukio moja lililo wazi katika historia ya mifumo endeshi, yaani uamuzi wa waundaji wa mfumo wa Fedora, mwaka 2009, wa kuiweka kando programu ya kuingizia maandishi iliyokuwa ikitangulia na kuweka nyingine mahali pake. Tukio hilo halikutokea kwetu. Liliwahusu hasa waandishi wa Kichina, Kijapani, Kikorea na lugha za Bara Hindi. Lakini mfasiri atakayejaribu kulisimulia kwa istilahi tulizo nazo atakwama katika sentensi ya kwanza, na kukwama kwake ndiko kunakotuhusu.

Kitu chenyewe

Mwandishi wa Kiswahili hubonyeza kitufe chenye herufi, na herufi ile ile hutokea mbele yake. Kwa sababu hiyo ni rahisi kwake kudhani kwamba kati ya kidole na herufi hakuna mtu wa kati. Sivyo ilivyo kwa lugha zote. Maandishi ya Kichina yana alama maelfu kwa maelfu, na hapana ubao wa vitufe uwezao kuzibeba zote. Mwandishi wa Kichina anayetumia mtindo uitwao Pinyin huandika matamshi kwa herufi za Kirumi. Programu humletea orodha ya alama zenye matamshi hayo, naye huteua aliyoikusudia. Mjapani aghalabu huandika matamshi kwa herufi za Kirumi, yakageuzwa kuwa alama za silabi, kisha sehemu yake ikageuzwa tena kuwa alama zenye asili ya Kichina. Mkorea hubonyeza herufi moja moja, na programu huzikusanya katika umbo moja la silabi. Hali kadhalika maandishi ya Kiamhari, ambayo kila alama yake hubeba konsonanti pamoja na irabu, yana alama zaidi ya mia mbili, na mwandishi huzipata kwa kuunganisha vitufe viwili au zaidi.

Kazi hiyo ya kati ndiyo kazi ya programu ya kuingizia maandishi. Pasipo programu hiyo Mchina anaweza kuisoma kompyuta yake, lakini hawezi kuiandikia. Na mtu awezaye kusoma tu bila kuandika ni msikilizaji, si mzungumzaji.

Yaliyotokea

Katika mifumo ya jamii ya Linux programu za namna hii zimepokezana zamu. Fedora, ambao hufadhiliwa na kampuni ya Red Hat na hutolewa upya takriban kila miezi sita, ulitumia kwanza programu iitwayo IIIMF. Katika toleo la Fedora Core 5 la Machi 2006, IIIMF ilipisha SCIM, programu iliyoanzishwa na Su Zhe. Miaka mitatu baadaye, katika toleo la Fedora 11 la Juni 2009, SCIM nayo ilipisha IBus, iliyoanzishwa na Peng Huang wa Red Hat. Mfumo wa Ubuntu ulifuata njia hiyo hiyo katika toleo lake la 9.10 la Oktoba 2009.

Sababu za badiliko la 2009 zinastahili kuelezwa, kwa kuwa zinaonyesha ni mambo gani hupimwa mtu anapowachagulia wengine. SCIM iliandikwa kwa lugha ya C++, na sehemu yake moja ilikuwa ikipakiwa ndani ya kila programu ambayo mtumiaji alitaka kuiandikia. Ikiwa programu hiyo ilijengwa kwa maktaba ya C++ ya toleo tofauti, wawili hao waligombana ndani ya nyumba moja, na mara nyingine nyumba yote ikaanguka: programu ikafungika, na maandishi yasiyohifadhiwa yakapotea. Palitungwa hata programu ya daraja, SCIM Bridge, ili kuwatenganisha wagomvi hao. IBus ilijengwa tangu mwanzo kwa namna nyingine. Yenyewe hukaa nje, katika mchakato wake peke yake, na huwasiliana na programu nyingine kwa ujumbe unaopitia njia ya pamoja iitwayo D-Bus. Kinachogeuza matamshi kuwa alama kikianguka, barua inayoandikwa haianguki nacho. Zaidi ya hayo, kazi ya kuitunza SCIM ilikuwa imepungua kasi, ilhali IBus ilikuwa na watunzaji walio kazini.

Upande wa pili wa mizani hapana budi utajwe pia. IBus ya mwaka 2009 ilikuwa changa, na waliozoea SCIM walikuwa wameshazoesha vidole vyao na kupanga mipangilio yao. Waamuzi walilinganisha usalama wa wote na mazoea ya wengi, wakachagua usalama. Kwa maoni yetu waliamua vema, na ushahidi wetu ni kwamba hawakumfungia mtu mlango: SCIM iliendelea kupatikana kwa mwenye kuitaka. Walichobadili ni kile ambacho mtu hukikuta pale ambapo hajasema neno.

Ngazi tatu na jina moja

Sasa na ajaribu mfasiri kuyasimulia hayo. Akiandika kwamba 'Fedora ilibadilisha kibodi' atakuwa amesema uongo, kwani hapana kitufe hata kimoja kilichohama mahali pake. Akiandika kwamba 'ilibadilisha njia ya kuandikia Kichina' atakuwa amekosea tena, kwa kuwa Mchina aliyeandika kwa Pinyin chini ya SCIM aliendelea kuandika kwa Pinyin chini ya IBus. Kilichobadilika ni kitu cha tatu, ambacho mtumiaji wa kawaida hakioni.

Twaona kwamba zipo ngazi tatu ambazo Kiswahili cha kila siku huzitumbukiza zote katika neno 'kibodi'. Ngazi ya chini ni ule utaratibu unaosema kitufe kipi kinatoa herufi ipi. Tunapendekeza uitwe 'mpangilio wa vitufe', nalo neno 'kibodi' libaki kuwa jina la kifaa chenyewe chenye kushikika, ambacho wengine hukiita 'kicharazio' au 'baobonye'. Ngazi ya kati ni programu ndogo inayopokea mfuatano wa vitufe na kuugeuza kuwa alama za lugha fulani. Hiyo tunapendekeza iitwe 'kigeuzi', hivi kwamba tuwe na kigeuzi cha Pinyin, kigeuzi cha Kikorea na kigeuzi cha Kiamhari. Ngazi ya juu ni programu inayovibeba vigeuzi vyote, kuvitambulisha kwa programu nyingine, na kumwezesha mtumiaji kuhama kutoka kimoja kwenda kingine. Hapa hatuna haja ya kubuni, kwa maana neno 'kiunzi' limeshazoeleka katika maandishi ya kitaaluma kwa maana ya mifupa inayobeba jengo zima. Basi na kiitwe 'kiunzi cha uingizaji'.

Kwa istilahi hizo sentensi ya mfasiri hunyooka: mwaka 2009 Fedora ilibadili kiunzi cha uingizaji, vigeuzi vikahamia katika kiunzi kipya, na mipangilio ya vitufe ikabaki kama ilivyokuwa. Maneno hayo yote yanafahamika kwa mwalimu na kwa mwanafunzi wake, na hakuna hata moja lililokopwa nje.

Mtu aweza kusema kwamba ngazi hizo ni za mafundi, na kwamba karani anayeandika barua hazimhusu. Twajibu kwamba karani ndiye zinayemhusu zaidi. Fundi akiona hitilafu huitafuta katika ngazi yake. Karani ambaye amefundishwa neno moja tu kwa mambo matatu ataomba anunuliwe kibodi mpya, na ofisi italipa fedha kwa ajili ya kosa ambalo lingerekebishwa bila gharama. Umaskini wa istilahi una bei yake.

Msingi ni nini?

Imebaki ngazi ya nne, ambayo si kitu bali ni hali: ile hali ya programu moja kuwekwa mbele ya nyingine kabla mtumiaji hajasema lolote. Hiyo ndiyo inayoitwa 'chaguo-msingi' katika simu na kompyuta zilizotafsiriwa kwa Kiswahili, mara kwa kistari, mara kwa neno moja. Hapa ndipo ulipo uzito wa hoja yetu.

Tulichunguze neno hili kwa nusu zake mbili. Chaguo ni kitu alichochagua mtu. Mtumiaji anayesoma kwenye kioo kwamba programu fulani ni 'chaguo', na ambaye ni yeye pekee aliyekaa mbele ya mashine hiyo, ana haki ya kudhani kwamba aliyechagua ni yeye, au kwamba angalau aliulizwa. Hakuchagua, wala hakuulizwa. Kisha msingi ni kile kinachobeba nyumba. Msingi hauondolewi nyumba ikabaki imesimama. Wala hakuna mwenye akili atakayeuchokoa msingi wa nyumba anayolala. Hivyo nusu ya kwanza yamwambia mtumiaji kwamba uamuzi ni wake, na nusu ya pili yamtisha asiubadili. Kweli yenyewe imegeuzwa juu chini, kwani uamuzi si wake, na kuubadili ni ruhusa.

Tuitazame pia asili ya dhana hiyo. Neno la Kiingereza lililofasiriwa hapa lina chimbuko katika Kifaransa cha kale, na maana yake ya awali ni upungufu, au kukosa kutimiza lililopasa. Maana hiyo ingali hai katika sheria. Mdaiwa asiyefika mahakamani baada ya kuitwa kihalali, shauri lake huweza kusikilizwa upande mmoja na hukumu ikatolewa bila yeye kuwapo. Watumishi wa serikali wanaijua sana hukumu ya upande mmoja. Basi programu iliyowekwa mbele ni hukumu ya upande mmoja: mtumiaji hakuwapo, na shauri halikuweza kungoja. Hukumu ya namna hiyo yaweza kuwa ya haki kabisa, kama ile ya Fedora 11 tulivyokwisha kusema. Lakini sheria humpa yule aliyekosekana nafasi ya kuja kuomba itenguliwe, na ili aombe ni lazima ajue kwanza kwamba ilitolewa, na nani aliyeitoa. Neno 'chaguo-msingi' linamnyima maarifa hayo yote mawili.

Tofauti kati ya kutanguliza na kufanya msingi ilionekana wazi mwaka 2012. Katika toleo la 3.6 la mazingira ya GNOME, lililotoka Septemba mwaka huo, waundaji waliiunganisha IBus na mazingira yenyewe, hata mipangilio ya vitufe na vigeuzi vikawa vinateuliwa mahali pamoja. Yako mema yaliyopatikana: mtu anayeandika Kifaransa asubuhi na Kijapani jioni hakuhitaji tena kujua kwamba vitu hivyo viwili ni vya ngazi mbalimbali. Lakini wale waliopendelea kiunzi kingine kiitwacho Fcitx, wengi wao Wachina, walilalamika, kwa maana mlango uliokuwa wazi ulikuwa umewekewa kabati mbele yake. Mwaka 2013 ulianza kutolewa mfumo wa Ubuntu Kylin, uliokusudiwa watumiaji wa China, nao ukaitanguliza Fcitx. Kwa hiyo ndani ya jamii moja ya programu, watoaji wawili waliwatangulizia watu wao viunzi viwili tofauti, kila mmoja kwa sababu zake.

Msomaji na ajaribu kuyaeleza hayo kwa neno 'chaguo-msingi'. Mwaka 2009 IBus ilikuwa 'chaguo-msingi' katika Fedora, na mwaka 2012 ikaendelea kuwa 'chaguo-msingi' katika GNOME. Kwa neno hilo hakuna lililotokea kati ya miaka hiyo. Ilhali lililotokea ndilo jambo zima: kitu kilichokuwa kimetangulizwa kilisogea kuelekea kuwa msingi hasa. Istilahi isiyoweza kuyatenganisha mambo mawili ambayo watu waligombana juu yake haijatimiza kazi ya istilahi.

Na sisi je?

Yawezekana msomaji anajiuliza ugomvi huu wa vigeuzi vya Kichina una faida gani kwa mwalimu wa Kiswahili. Tumjibu kwa mifano ya karibu.

Sisi nasi tunaandika kwa uamuzi uliotolewa upande mmoja. Mpangilio wa vitufe tunaoutumia ulitengenezwa Marekani kwa ajili ya taipureta katika miaka ya 1870, ukaja kwetu na mashine zenyewe. Kitufe cha kwanza cha mstari wa juu wa herufi kimepewa herufi q, ambayo katika tahajia sanifu ya Kiswahili haina kazi. Herufi a, ambayo hutokea kuliko zote katika lugha yetu, imewekwa chini ya kidole kidogo cha mkono wa kushoto, kidole kilicho dhaifu kuliko vyote. Hatusemi mpangilio huo ubadilishwe. Mazoea ya vizazi vya makarani nayo ni mali. Twasema tu kwamba haukuchaguliwa na mwandishi wa Kiswahili, wala si msingi wa uandishi wake. Ulimtangulia.

Mfano wa pili unagusa tahajia yenyewe. Upo mpangilio wa vitufe uitwao wa kimataifa wa Marekani, ambamo kitufe cha ritifaa husubiri: ukikibonyeza hakitoi kitu mpaka herufi inayofuata ibonyezwe, na kama herufi hiyo ni irabu, ritifaa hugeuka kuwa alama ya mkazo juu yake. Mpangilio huo wawafaa sana waandikao Kihispania au Kireno. Lakini mwandishi wa Kiswahili akiukuta umewekwa katika mashine yake, kila 'ng'ombe' wake atatokea kuwa 'ngómbe', na 'ng'ara' itakuwa 'ngára'. Ritifaa kwetu si pambo. Pasipo hiyo kung'oa mti hakutofautiani na ngoa, yaani uchu au wivu wa mtu. Jina la mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki mwaka 2025, limebeba mitego yote miwili: lina irabu mbili za Kigĩkũyũ ambazo mipangilio mingi iliyotangulizwa haizitoi kwa kitufe kimoja, na mwishoni lina ritifaa ambayo mpangilio tulioutaja huigeuza kuwa 'Thiongó'. Wengi huliandika kwa makosa hayo, na si kwa ujinga wa tahajia. Kuna aliyewaamulia.

Wala dawa si ya kutafutwa mbali. Katika mifumo ya Linux imo mipangilio ya vitufe iliyopewa majina ya Kiswahili cha Tanzania na Kiswahili cha Kenya, na wa Kigĩkũyũ nao umo. Mwandishi anayejua kwamba aliloliona siku ya kwanza lilitangulizwa tu, ataitafuta mipangilio hiyo na kuipata kwa dakika chache. Yule aliyefundishwa kwamba ni msingi ataendelea kuandika 'ngómbe', au atajifunza kuyakwepa maneno yenye ng'. Lugha inayokwepa maneno yake yenyewe kwa sababu ya kitufe imepoteza kitu ambacho hakuna aliyekusudia kuinyang'anya.

Pendekezo

Yamewahi kutumika maneno mengine kwa dhana hii, na haki yataka tuyapime. 'Chaguo la awali' ni afadhali, lakini linaweza kueleweka kuwa ni lile alilochagua mtumiaji zamani kabla ya kulibadili. 'Kaida' ni jambo la desturi, na kitu kilichotoka jana hakina desturi. 'Halisi' na 'asilia' ni mabaya kuliko yote, kwa kuwa hukifanya kila kitakachochaguliwa baadaye kuwa bandia. 'Mpangilio wa kiwandani' unafaa kwa kifaa kinachorudishwa kama kilivyotoka dukani, lakini programu huria hazina kiwanda.

Tunapendekeza neno litokane na kitenzi 'tanguliza'. Kitu chenyewe kiitwe 'kitangulizwa', wingi 'vitangulizwa'. Sababu zetu ni nne.

Kwanza, kiambishi -w- cha kutendwa hudai mtenda. Hakuna kinachotangulizwa pasipo wa kukitanguliza, na msikilizaji yeyote wa Kiswahili anaweza kuuliza papo hapo, 'kimetangulizwa na nani?' Swali hilo ndilo tunalotaka neno liliamshe.

Pili, shina moja hutoa jamaa nzima: kutanguliza, utangulizaji, mtangulizaji, kitangulizwa, programu iliyotangulizwa. 'Chaguo-msingi' halina kitenzi, na mfasiri hulazimika kuzunguka kwa maneno mengi kila anapotaka kutaja tendo.

Tatu, kinachotangulizwa huwa mbele, si chini. Kilicho mbele hupishwa au huondolewa bila kubomoa kitu.

Nne, kwa wale wanaohofia ufinyu wa kioo cha simu, 'kitangulizwa' lina herufi 12, sawa na 'chaguomsingi', na ni fupi kwa kistari kimoja kuliko 'chaguo-msingi'.

Yako mapingamizi mawili yenye haki ya kujibiwa. La kwanza ni kwamba neno letu lakaribiana na 'utangulizi' wa kitabu na 'mtangulizi' wa kazini. Ukaribu huo upo, lakini hauleti utata, kwa kuwa mtangulizi ndiye aliyetangulia kwa miguu yake, ilhali kitangulizwa kimewekwa. La pili ni zito zaidi: 'chaguo-msingi' limeshaenea, na kulibadili ni kuwachanganya watu. Twakubali kwamba uenezi ni hoja. Ndiyo maana hatusemi lifutwe katika vioo vya simu kesho asubuhi. Twasema kwamba lisiingie katika vitabu vya shule bila maelezo, na lisiingie kabisa katika nyaraka zinazofunga watu, kama vile miongozo ya ofisi na zabuni za ununuzi. Ofisa anayeandika katika zabuni kwamba mfumo uwe na 'chaguo-msingi' fulani hajasema kama mtumiaji ataruhusiwa kuliacha. Na aandike: 'Kitangulizwa kiwe mpangilio wa vitufe wa Kiswahili cha Tanzania, kitangulizwe na mzabuni, na mtumiaji aweze kukibadili bila ruhusa ya msimamizi.' Sentensi hiyo yamtaja mtenda, yakitaja kitu, na yauacha mlango wazi.

Kwa wafasiri tuna ombi moja la nyongeza. Unapokutana na dhana hii katika matini yoyote, iwe ya mfumo endeshi, ya benki au ya fomu ya serikali, usitafute kwanza neno la kuliweka mahali pake. Uliza kwanza ni nani aliyeamua, amemwamulia nani, na aliyeamuliwa anaweza kutoka kwa njia gani. Ukishayajua hayo matatu, Kiswahili kitakupa sentensi. Usipoyajua, hata istilahi bora haitakuokoa.

Waundaji wa Fedora waliamua kwa niaba ya watu ambao hawakuwafahamu, kwa maandishi ambayo wengi katika waundaji hao hawakuweza kuyasoma. Walitoa sababu zao hadharani, wakaacha njia ya kutokea. Hatudai zaidi ya hayo kwa yeyote anayemtangulizia mwandishi wa Kiswahili programu yake; ila twadai kwamba lugha yetu iwe na neno la kumwambia mwandishi huyo kwamba ametangulizwa.